Ibn Sina: Tabibu wa Dawa za Moyo

Katika nyumba zetu nyingi yupo babu au bibi anayemeza vidonge vya presha, viwili au vitatu kwa pamoja, na wajukuu huuliza: kwa nini dawa moja haitoshi? Swali la lini tuchanganye dawa na lini tusichanganye ni la zamani sana. Miongoni mwa waliolifikiria kwa kina ni tabibu mmoja Mwislamu aliyeishi yapata miaka 1000 iliyopita, naye ndiye tutakayemzungumza.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Watu wa Ulaya walimwita Avicenna. Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Familia ilihamia Bukhara, na huko mtoto akapelekwa chuoni. Alipotimiza miaka 10 alikwishahifadhi Qur'ani tukufu na vitabu vingi vya lugha. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga, na fiqhi alisoma kwa Sheikh Ismail al-Zahid. Wanafunzi wenzangu, tuangalie hapo: baba hakuona aibu kumpeleka mwanawe kwa muuza mboga, maadamu elimu ilikuwapo kwake.

Si kwamba kila somo lilimwia jepesi. Kitabu kimoja cha falsafa cha Aristotle alikisoma mara 40 na asikielewe, mpaka akakata tamaa. Siku moja sokoni dalali wa vitabu alimbembeleza anunue kitabu cha bei ya chini, dirham 3 tu. Kumbe kilikuwa sherehe ya Al-Farabi juu ya somo lile lile. Alipokisoma akaelewa, na kesho yake akatoa sadaka kwa masikini kwa kumshukuru Mungu. Ilikuwa pia desturi yake, akikwama katika mas'ala, kwenda msikitini kusali na kuomba.

Utabibu alianza kuusoma akiwa bado kijana mdogo, na yeye mwenyewe aliuona kuwa si elimu ngumu. Alipofika miaka 16 waganga wakubwa walikuwa wakija kusoma kwake. Muda si mrefu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, akaugua, matabibu wakashindwa, akaitwa kijana huyu kushirikiana nao. Mtawala akapona. Ibn Sina aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme, na humo akaona vitabu ambavyo watu wengi hawakuwahi hata kusikia majina yake.

Baada ya baba yake kufariki, na dola ya Wasamani kuanguka, alianza maisha ya kuhamahama: Gurganj, kisha Jurjan, kisha Rayy, kisha Hamadan. Jurjan ndiko alikompata mwanafunzi wake mwaminifu Abu Ubayd al-Juzjani, aliyekaa naye karibu miaka 25 na kutuandikia habari zake. Huko ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa, Al-Qanun fi al-Tibb. Hamadan alimtibu Amir Shams al-Dawla maradhi ya tumbo, akafanywa waziri. Lakini askari walimchukia, wakaivamia nyumba yake na kutaka auawe, naye akajificha siku 40 kwa rafiki yake. Amir alipougua tena ilibidi atafutwe, aombwe radhi na kurudishiwa uwaziri! Mchana alishughulika na serikali, usiku alisomesha na kuandika.

Al-Juzjani anatueleza kwamba ni mara tu alipofika Hamadan alipoandika kijitabu cha dawa za moyo, Al-Adwiya al-Qalbiyya. Humo alieleza uhusiano wa moyo na furaha, huzuni na woga, na akataja vitu alivyoamini vinautia moyo nguvu: zafarani, miski, ambari, waridi, lulu, marijani, kafuri na vinginevyo. Sisi watu wa pwani majina haya tunayajua kutoka kwa bibi zetu na masanduku yao. Ambari hasa ilichukuliwa kwa majahazi kutoka bahari yetu. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, ameisifu ile ya bahari ya Zanj. Lakini tahadhari: mtu asiende kutengeneza dawa ya moyo kwa orodha hii. Kafuri, kwa mfano, leo inajulikana kuwa ni sumu ikimezwa.

Faida kubwa kwetu imo katika Qanun, ambayo ina vitabu vitano. Cha pili ni cha dawa za kitu kimoja kimoja, na cha tano ni cha dawa za mchanganyiko. Katika cha pili aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake: ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, nguvu yake ilingane na ugonjwa, matokeo yaonekane kwa wagonjwa wengi na si mara moja, na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani inayomfaa farasi au simba huenda isimfae mtu.

Katika kitabu cha tano aliuliza: ikiwa dawa moja ipo na inatosha, tuchanganye ya nini? Kwake dawa moja ndiyo bora inapotosheleza. Huchanganywa kwa haja: ugonjwa wenye sababu nyingi usiopata dawa moja ya kuukabili, au dawa kali inayohitaji ya kuipunguza makali, au dawa chungu inayohitaji utamu, au dawa isiyofika kwenye kiungo mpaka ichukuliwe na nyingine, kama alivyoona zafarani inavyoipeleka kafuri kwenye moyo. Na mchanganyiko uliokwisha kujaribiwa ni bora kuliko uliobuniwa jana.

Presha yenyewe hakuijua kama tunavyoijua. Aliyapambanua mapigo ya mshipa kwa sifa 10, akayasoma kwa vidole vyake, lakini kipimo cha kufunga mkononi kilibuniwa na Riva-Rocci nchini Italia mwaka 1896 tu. Hata mwendo wa damu hakuupata sawasawa. Aliyemsahihisha kuhusu safari ya damu kutoka moyoni kupitia mapafuni ni Ibn al-Nafis, mwaka 1242, katika sherehe yake ya Qanun hiyo hiyo. Hata hivyo hoja yake ya ugonjwa wenye sababu nyingi haiko mbali na wanayosema madaktari wa leo. Presha hupandishwa na mishipa kubana, na chumvi na maji kuzidi mwilini, na homoni zinazotokana na figo. Dawa moja huziba njia moja. Ndiyo maana mgonjwa hupewa amlodipini ya kulegeza mishipa pamoja na losatani, na pengine ya kukojoza maji, kila moja kwa kipimo kidogo, ili madhara nayo yawe madogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa mseto za presha, na ikiwezekana ziwe ndani ya kidonge kimoja, kwa kuwa anayemeza kimoja hasahau upesi kama anayemeza vitatu.

Bibi yangu aliacha vidonge vyake kwa sababu alijisikia mzima, kisha akameza vya jirani kwa sababu alijisikia vibaya. Tulimkuta sakafuni. Alhamdulillahi alinusurika, ila mkono wa kushoto haukurudi. Presha haiumi mpaka iwe imekwisha kudhuru, na dawa za mwenzio zinaweza kugongana na zako. Zipo mbili za presha zenyewe, lisinopili na losatani, ambazo kwa kawaida hazitolewi pamoja. Hata dawa za maumivu kama diklofenaki huipandisha. Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mzee asijipangie saa za dawa mwenyewe. Amuulize daktari mapema.

Turudi kwa tabibu wetu. Baada ya kufa Shams al-Dawla alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo akaandika vitabu vingine. Kisha alitoroka na Al-Juzjani wakiwa wamevaa mavazi ya masufi, wakafika Isfahan kwa Amir Ala al-Dawla, aliyemheshimu mpaka mwisho. Katika falsafa wanavyuoni kama Imam Ghazali walimpinga vikali, na hilo lina mahali pake. Katika tiba hata waliompinga hawakumnyima haki yake, na Qanun ilipofasiriwa kwa Kilatini ilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi.

Kifo chake ni cha kusikitisha. Akiwa safarini na jeshi alishikwa na msokoto wa tumbo, na kwa kuhofu kuachwa nyuma akajitibu kwa pupa, akijisafisha tumbo mara nane kwa siku moja hadi utumbo ukapata vidonda. Akaagiza katika dawa yake ziwekwe mbegu za karafsi, jamii ya giligilani, kiasi cha danaqi 2. Aliyemtengenezea akaweka dirham 5, yaani mara 15 zaidi, na Al-Juzjani anasema hajui kama ilikuwa kusudi au makosa. Tena watumishi wake, waliokuwa wameiba mali yake na kuogopa kugundulika, walizidisha afyuni katika maajuni yake. Alipata nafuu kidogo, akasafiri tena, ugonjwa ukamrudia njiani. Alipofika Hamadan alijua nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Imepokewa kwamba alitubu, akagawa mali yake kwa masikini, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anahitimu Qur'ani kila siku tatu. Alifariki katika Ramadhani mwaka 428 Hijria (1037), akazikwa Hamadan, na kaburi lake liko huko hadi leo.