Ibn Battuta: Jamaa aliyezunguka dunia akihesabu sahani

Tuseme una miaka 21. Ukoo wenu ni wa makadhi, wewe mwenyewe umesomea sheria, na mtaa mzima unajua utakuja kuwa nani. Halafu siku moja mwezi wa Juni unawaaga baba na mama, wote wazima, unashika njia peke yako kwenda kuhiji Makka. Huna beshte wa kusafiri naye wala msafara wa kujiunga nao. Unarudi baada ya miaka 24.

Huyo ndiye Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, Moroko, mwaka wa 1304. Darasani wengi wetu tulimpitia mbio: msafiri aliyefika Pwani ya Afrika Mashariki, maliza, geuza ukurasa. Lakini hebu mfuate polepole, utaona jambo moja. Kila alipofika, jamaa aliangalia sahani. Nani amemkaribisha, amempa nini, kiasi gani, na kando ya chakula kuna nini. Kwake msosi ndio ulikuwa mizani ya kupimia watu. Mizani hiyo ilimpa raha nyingi. Pia ilimdanganya vibaya, na hapo ndipo nataka tufike.

Tuanzie Tunis, 1325. Alipoingia mji huo, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri aliokuwa nao. Huku salamu, kule kukumbatiana. Yeye hakuna aliyemjua. Akalia pale pale mbele za watu, mpaka hujaji mmoja akamwona, akamsogelea na kumpigisha stori. Kama umewahi kushuka stendi ya mji mgeni usiku ukaona kila abiria anapokewa isipokuwa wewe, unaelewa. Kijana huyu alijua mapema ladha ya kutokaribishwa.

Mwaka uliofuata akafika Damascus. Huko alishuhudia kisa kimoja kidogo cha sahani. Mvulana mtumwa aliangusha sahani ya kauri ya Kichina barabarani, ikavunjika. Watu wakamzunguka. Mmoja akamwambia aokote vipande ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Ndiyo, mji huo ulikuwa na wakfu maalumu wa kulipia vyombo vilivyovunjika! Mvulana alipewa pesa za kununua sahani nyingine, akaokoka kipigo cha bwana wake.

Baada ya kuhiji na kukaa Makka, Ibn Battuta alishuka hadi Yemen, akapanda jahazi Aden kuja upande wetu. Wanahistoria wengi wanasema ni mwaka wa 1331. Kituo cha kwanza kilikuwa Zeila, kaskazini mwa Somalia ya leo. Kilimshinda. Uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani ulimfanya aende kulala chomboni, ingawa bahari ilikuwa imechafuka.

Siku 15 baadaye, Mogadishu. Hapa mambo yalibadilika. Chombo kikitia nanga, vijana walikuja na mashua ndogo, kila mmoja na sahani yake ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani mfanyabiashara mmoja, na tangu hapo huyo ni mgeni wake: atalala kwake na biashara atafanya kupitia kwake. Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mwanasheria, kwa hivyo akachukuliwa na kadhi hadi kwa Sultani. Akatumiwa majani ya tambuu na popoo, halafu chakula kikaja.

Sasa sikiza menyu. Wali uliopikwa kwa samli, kwenye sahani kubwa ya mbao. Juu yake vitoweo: kuku, nyama, samaki na mboga. Chombo kingine kina ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kingine kina maziwa ya mgando, pamoja na achari ya ndimu, pilipili zilizolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Ukimeza tonge la wali, unafuatisha achari kidogo. Ilibidi awaeleze watu wa kwao embe ni kitu gani: kama tufaha lakini lina kokwa, likiiva ni tamu sana, likiwa bichi ni kali kama ndimu. Alikula hivyo siku tatu, mara tatu kwa siku, akashangaa kuona mtu mmoja wa Mogadishu anamaliza chakula cha kundi zima la watu wa kwao.

Unaijua hiyo sahani, ama? Wali, mchuzi, achari ya embe kando. Wala haikuletwa juzi na hoteli yoyote. Ila angalia pia kilichokosekana. Pilipili ya kuwasha tunayoila leo bado ilikuwa bara la Amerika. Ilivuka huku baada ya safari ya Columbus ya 1492. Hiyo ya Mogadishu ilikuwa ya ukoo wa pilipili manga. Nyanya hazikuwepo, viazi havikuwepo, muhogo haukuwepo. Mahindi pia, kwa hivyo hata ugali wetu mweupe haukuwa umezaliwa.

Kutoka hapo akashuka Mombasa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yalifanya kazi. Aliona ndizi, ndimu na machungwa. Aliona tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa na tamu sana, ambalo ndilo zambarau linalopaka ulimi rangi mpaka leo. Nafaka hazikulimwa kisiwani. Zililetwa kutoka bara, na chakula kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Alisifu misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na uchaji wa watu wake. Kisha akaendelea hadi Kilwa, ambako Sultani alisifika kwa ukarimu.

Safari zilizofuata zilimpeleka mbali na joto letu, hadi nyika za Waturuki kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Huko kinywaji cha heshima kilikuwa kumis, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Mke mkubwa wa mtawala Uzbeg alimkaribisha kwa bakuli la kumis. Kukataa kungekuwa tusi. Alionja, hakuipenda, akampasia mwenzake. Wewe unayekunja uso ukipewa mursik kwa mara ya kwanza, hauko peke yako.

India ndiyo iliyomkalisha. Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi wa Delhi, na karamu zilikuwa za mpango. Kabla ya kula, unakunywa maji ya sukari. Baada ya kula, kinywaji cha shayiri. Mwisho tambuu. Katikati ya hayo yote aliletewa kitu ambacho wewe hununua kibandani ukitoka kazini: mkate mwembamba uliokunjwa, ndani nyama ya kusaga, vitunguu, viungo, lozi na njugu nyingine, kisha ukakaangwa kwa samli. Sambusa! Asubuhi, watu wa huko walikula mchele uliopikwa pamoja na pojo, zile tunazoita ndengu, ukatiwa samli.

Visiwani Maldives alikuwa kadhi tena. Maisha huko yalikuwa nazi na samaki. Nazi ilitoa maziwa, mafuta, hata asali. Samaki walikatwa vipande, wakachemshwa kidogo, wakatundikwa kwenye moshi ndani ya vikapu vya makuti, kisha wakauzwa hadi India, Uchina na Yemen. Hakuna friji, lakini samaki alivuka bahari bila kuoza.

Kufikia hapo alikuwa amekula kwa masultani, makadhi na wavuvi. Mwaka wa 1348, akirejea kupitia Damascus, alipata habari za nyumbani: baba yake alikuwa amefariki miaka 15 iliyopita. Mwaka huo huo tauni kubwa ilikuwa ikifagia miji. Akaendelea kurudi, na mwaka wa 1349, akiwa tayari ndani ya Moroko, akaambiwa kwamba mama naye amekufa kwa tauni hiyo. Alimkosa kidogo tu. Alifika Tangier kuzuru kaburi lake. Mtu aliyejua wali wa Mogadishu na sambusa ya Delhi hakukuta tena chakula cha mama yake.

Ungetarajia atulie. Mwaka wa 1352 alivuka Sahara kwenda Mali, na hapa ndipo mizani yake ilipomwangusha. Walata, mji wa jangwani, kiongozi aliwaandalia wageni mtama uliochanganywa na asali kidogo na maziwa, ndani ya nusu ya kibuyu. Ibn Battuta aliuliza kama kweli hii ndiyo karamu waliyoitiwa. Wenzake wakamwambia kwamba kwa watu wa hapa, hii ndiyo heshima kubwa. Akakata tamaa nao papo hapo, karibu ageuze njia.

Mji mkuu wa Mali nao ulimpa taabu. Yeye na wenzake watano walikula uji mzito wa kiazi kinachofanana na nduma. Wote sita waliugua, mmoja akafa. Yeye aliumwa miezi miwili. Alipopata nafuu, akaambiwa zawadi ya Mansa Sulayman imefika. Aliinuka akidhani ni mavazi na pesa. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka. Baadaye alimlalamikia Mansa uso kwa uso, ndipo akapewa nyumba na dhahabu.

Tusimpambe. Alikuwa amezoea kupewa, na alikuwa na watumwa waliomhudumia njiani. Lakini fikiria yule mwenyeji wa Walata. Anaishi ukingoni mwa jangwa, vitu vingi vinamfikia kwa mgongo wa ngamia, na bado anatoa asali yake kwa watu asiowajua. Vijana wa Mogadishu na mashua zao walifanya jambo hilo hilo. Tofauti ilikuwa ukubwa wa sahani. Ibn Battuta alipima kilichokuwa mezani, akasahau kupima kilichobaki jikoni kwa mwenye nyumba. Yule kijana aliyelia Tunis kwa kukosa salamu alikuwa amekuwa mzee anayecheka mkate wa watu.

Aliporudi Moroko, kwa amri ya Sultani wa Fez alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy kila kitu, na kitabu kikakamilika mwaka wa 1355. Alifariki mwaka wa 1368 au 1369. Zuri ni kwamba hakuficha aibu yake ya Mali. Alisimulia kicheko chake na sahani yenyewe, ndiyo maana leo tunaweza kumuona yule mwenyeji kuliko alivyomuona yeye.

Kwa hivyo ukifika Pwani msimu wa zambarau, nunua fungu, ukumbuke kuna mgeni aliyelionja karibu miaka 700 kabla yako. Ukikaribishwa kwa watu ukawekewa uji mtupu na kikombe cha chai ya rangi, kaa chini unywe. Hujui chombo kiliachwa na nini. Na kabla hujapanda basi, mpigie mama umuulize amepika nini.