Mwanafunzi aliyeondoka bila kuaga

Ukisimama Ipogolo asubuhi ya mwezi Juni, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, utawaona watoto wa darasa la nne, la tano na la sita wakisubiri malori ya Mbeya na ya Dar es Salaam yapite ili wavuke barabara. Baadhi yao wanasoma shule za Kanisa, na wazazi wao wameuza mahindi au wamekopa ili ada itimie. Siku ya matokeo swali huwa moja tu: amekuwa wa ngapi?

Leo naomba tuulize jingine. Katika umri huo, mtoto anajifunza nini hasa katika shule ya Kikatoliki? Ili tulijibu, tumtazame mtu ambaye jina lake linajulikana sana katika Jimbo la Iringa: Mtakatifu Yosefu Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 huko Castelnuovo d'Asti, kaskazini mwa Italia, mtoto wa nne kati ya watano. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama akabaki na mzigo wa kulea. Mjomba wake alikuwa padre Yosefu Cafasso, aliyewahudumia wafungwa wa Torino na kuwasindikiza waliohukumiwa kunyongwa hadi kwenye kitanzi. Naye leo ni mtakatifu. Mwalimu wa kwanza wa Allamano kijijini alikuwa mama mmoja, Benedetta Savio, ambaye mwanafunzi wake huyo aliendelea kumheshimu hata baada ya kuwa padre. Walimu wa chekechea mnaosoma safu hii, mkumbukeni siku mnapoona hakuna anayewathamini.

Mwaka 1862, akiwa na miaka 11, umri wa mtoto wetu wa darasa la tano au la sita, alipelekwa Torino katika shule ya Don Bosco, pale Valdocco. Alikaa miaka 4. Alisoma Kilatini na masomo mengine ya wakati ule, huku vijana wenzake wengine wakijifunza ushonaji wa viatu, useremala na uchapaji. Lakini shule ile ilijulikana zaidi kwa namna ya kuishi na watoto. Don Bosco alitaka mwalimu awe katikati ya wanafunzi, hata uwanjani wakicheza, ili kosa lizuiwe kabla halijatendeka. Alitumia kumwelewesha mtoto, dini na upendo. Sisi tunaoamini kwamba fimbo ndiyo mwalimu mkuu, tukae hapo kidogo. Kwa miaka hiyo yote Don Bosco ndiye aliyekuwa padre muungamishi wa Allamano. Mtoto alijulikana kwa jina, na kwa moyo pia.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka 1866. Don Bosco alimwona kijana huyu anafaa kubaki naye katika shirika lake. Kijana alimpenda mlezi wake, lakini moyoni aliona Mungu anamwita awe padre wa jimbo. Afanyeje? Alikosa ujasiri wa kusema. Akaondoka bila kuaga. Baadaye walipokutana, Don Bosco alimlaumu kama baba anavyomlaumu mwana, na kijana akakiri kwamba aliogopa. Urafiki wao haukuvunjika. Hata nyumbani kulikuwa na upinzani, maana kaka zake walitaka amalize kwanza masomo zaidi, yeye akasisitiza kuwa Mungu anamwita sasa, kesho hana uhakika nayo.

Unaweza kusema huyu alikosa adabu. Mimi naona shule ilikuwa imefanya kazi yake. Mkumbuke mzee Eli hekaluni: alimfundisha mtoto Samweli kuitika, kisha ikambidi atambue kwamba sauti iliyomwita haikuwa yake. Ni vigumu kwa mlezi. Ni vigumu zaidi kwa mzazi aliyelipa ada akiwa na ndoto ya daktari au mhasibu.

Allamano alitamani pia kwenda misioni, lakini afya yake dhaifu ilimzuia. Alipewa daraja la upadre tarehe 20 Septemba 1873. Mwaka 1880, akiwa na miaka 29, akakabidhiwa madhabahu ya Mama Maria wa Consolata mjini Torino, na hapo akabaki hadi kufa. Januari 1900 aliugua karibu ya kufa. Alipopona, alianzisha shirika la wamisionari tarehe 29 Januari 1901, na mwaka uliofuata akawatuma wanne wa kwanza nchini Kenya. Masista wakafuata mwaka 1910. Mwaka 1919 watu wake walifika Iringa, kuendeleza kazi ya Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa baada ya vita.

Aliwataka wamisionari wake wajifunze lugha ya wenyeji, wafanye kazi za mikono, na watende mambo ya kawaida vizuri bila kupiga tarumbeta. Hapo sitaki kumpa Don Bosco sifa zote, kwa maana utulivu ule ni wa mjomba Cafasso kabisa. Aliwaagiza pia waandike shajara na kuzituma Torino. Kwa kurasa hizo aliifahamu Afrika, bara ambalo hakuwahi kulikanyaga. Alifariki tarehe 16 Februari 1926, akiwa na miaka 75. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, baada ya kuthibitishwa muujiza wa mtu wa msituni Brazil aliyepona jeraha baya la kichwa baada ya kushambuliwa na mnyama wa jamii ya chui.

Kutoka Ipogolo, ukishika barabara ya Mbeya, njia ya kwenda Tosamaganga si mbali. Mchana mmoja unatosha kwenda na kurudi. Mchukue mwanao, mwonyeshe kanisa lile la zamani, kisha msimulie habari za kijana aliyeogopa kuaga. Halafu mwache naye aseme.