Usiache Mbachao: Maisha ya Konrad Zuse

Katika toleo la mwaka huu nimeonelea niwasimulie maisha ya Konrad Zuse. Kwao Ujerumani jina lake linajulikana sana, na popote penye wasomi wa tarakilishi anatajwa kwa heshima. Hapa kwetu Eastlands ni wachache waliolisikia, ilhali mambo aliyoyafanya yanafanana mno na yale tunayoyaona kila siku Kamukunji na Kariobangi.

Kwanza wacha nieleze kwa nini nimemchagua yeye. Mimi ni mmoja wa vijana wachache wa Umoja ambao uraibu wetu ni kukusanya tarakilishi kuukuu na kuzitengeneza. Sisemi zile za juzi. Nasema zile za miaka ya tisini, zenye skrini ya mgongo mkubwa na mlango wa kutilia diski laini. Ofisi zikishazichoka huzitupa, na mwishowe hufika kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu, wakazipima kwa kilo kama mabati na vipande vya magari. Isipopatikana mtu wa kuinunua nzima, mashine huvunjwavunjwa, na nyaya zake huchomwa moto ili shaba ipatikane. Watu mtaani hutucheka, ati tunaokota takataka. Wengine huuliza, na swali lao ni la haki: kitu kilichoshindwa na simu ya mkononi kina faida gani tena? Jibu langu ni maisha ya huyu Zuse.

Konrad Zuse alizaliwa Berlin tarehe 22 Juni 1910. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta, kwa hivyo haikuwa familia ya kitajiri. Tangu utotoni alipenda mambo mawili: kuchora picha na kuunda mitambo ya kuchezea. Alipokua aliingia chuo cha ufundi cha Berlin, akasomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1935. Kisha akaajiriwa katika kiwanda cha ndege cha Henschel karibu na Berlin.

Kazi yenyewe ilikuwa hesabu tupu. Kabla ya ndege kuundwa ilibidi wahandisi wakadirie nguvu ya kila sehemu, na hesabu hizo zilifanywa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, zilezile kila siku. Zuse alichoka. Alijiuliza kama kazi inayofuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho haiwezi kufanywa na mashine. Mwaka 1936 akaacha kazi yenye mshahara, akawaambia wazazi wake kwamba anataka kuunda mashine hiyo sebuleni mwao!

Jamani, hebu fikirieni wewe umemaliza chuo, umepata kazi, halafu unarudi nyumbani kujaza sebule vyuma. Hapa kwetu ungeitiwa kikao cha ukoo. Wazazi wa Zuse hawakufurahia, lakini walimsaidia. Dada yake naye akatoa pesa, marafiki wa chuo wakachanga walichokuwa nacho, na wengine wakaja kusaidia kwa mikono. Mashine ile, iliyokuja kuitwa Z1, iliundwa kwa vibati vyembamba vilivyokatwa kimoja kimoja kwa msumeno mdogo. Ukitaka kuiona kazi ile akilini, watazame mafundi wa Kamukunji wanavyokata mabati kutengeneza masanduku tunayokuja nayo shuleni. Tofauti ni kwamba vibati vya Zuse vilikuwa vya maelfu, na kila kimoja kilipaswa kuteleza juu ya mwenziwe bila kukwama.

Z1 ilikamilika mwaka 1938. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 1,000, na kilichoizungusha kilikuwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Badala ya kutumia tarakimu kumi kama vikokotoo vya wakati ule, ilitumia mbili tu, 0 na 1. Kibati kikiwa upande huu ni 0, kikiwa upande ule ni 1. Tarakilishi zote tunazotumia leo hufuata njia hiyohiyo ya 0 na 1. Maagizo yake yalitobolewa katika utepe, na kwa kuwa karatasi ilikuwa dhaifu, Zuse alitumia filamu kuukuu za sinema zenye upana wa milimita 35. Rafiki yake Helmut Schreyer aliwahi kuwa mwonyeshaji wa sinema, na inasemekana wazo la filamu lilitoka kwake. Kwa hivyo mashine hii ya ajabu ilikula mabaki ya sinema.

Ila Z1 ilikuwa na kasoro moja kubwa. Vibati vilikwama mara kwa mara, na hesabu zikakatika njiani. Zuse hakukata tamaa. Aliamua kuacha vibati na kutumia relei. Relei ni swichi ndogo inayofunguliwa na kufungwa kwa sumaku ya umeme, na wakati ule zilitumiwa kwa wingi katika mitambo ya simu. Mpya zilikuwa ghali, kwa hivyo nyingi alizozitumia zilikuwa mitumba. Mwaka 1939 vita vilipozuka akaitwa jeshini, lakini baada ya miezi kadhaa akaruhusiwa kurudi kiwandani. Mwaka 1940 alikuwa na Z2, mashine ya majaribio. Halafu tarehe 12 Mei 1941, mbele ya wanasayansi walioalikwa, akawasha Z3.

Z3 ilikuwa na relei zaidi ya 2,000. Kumbukumbu yake ilitosha namba 64 tu. Kujumlisha kulichukua kama nukta moja hivi, kuzidisha kama nukta tatu. Leo hata kikokotoo cha bei rahisi kabisa kinaishinda. Lakini wataalamu wengi wanakubali kwamba hii ndiyo mashine ya kwanza duniani iliyofanya kazi kamili kwa kufuata maagizo bila kushikwa mkono hatua kwa hatua. Uingereza na Marekani walikuja na zao baadaye, tena bila habari za Zuse, maana vita vilikuwa vimefunga milango yote.

Ningefanya hiana kama ningeficha upande mwingine. Ujerumani ya wakati ule ilitawaliwa na Hitler, na kiwanda alichokifanyia kazi Zuse kilikuwa cha vita. Mashine yake nyingine, iliyoitwa S1, ilitumiwa kukokotoa marekebisho ya mabawa ya mabomu yaliyoelekezwa kutoka kwenye ndege. Akili ni kama kisu. Hukata nyanya na hukata mtu. Ni haki tumpe Zuse sifa za ufundi wake, na ni haki vilevile tukumbuke ufundi ule ulitumikia nini.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomnyang'anya kazi yake. Tarehe 21 Desemba 1943 ndege za maadui wa Ujerumani ziliipiga Berlin kwa mabomu, na Z3 ikateketea. Z1 nayo ikaangamia katika mashambulizi, pamoja na michoro yake. Kazi ya miaka kadhaa ikawa jivu. Iliyobaki ilikuwa moja tu, Z4, ambayo ilikuwa bado inaundwa.

Mapema mwaka 1945, Berlin ilipokaribia kuanguka, Zuse aliing'oa Z4, akaihamisha kwanza hadi Göttingen, kisha kusini hadi milima ya Bavaria. Mkewe Gisela, aliyemwoa Januari mwaka huo, alikuwa mja mzito. Kule kijijini mashine ikafichwa ghalani. Hebu tazama: tarakilishi iliyokuwa ya mwisho ya aina yake imelala kijijini, mwenyewe hana kazi, na nchi imevunjika. Ili kulisha familia, Zuse alirudia uraibu wake wa utotoni, akachora picha na kuziuza. Vilevile aliandika lugha ya kuiagizia mashine aliyoiita Plankalkül, ambayo dunia haikuijali kwa miaka mingi.

Hapa wasomaji nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo kiini cha habari yangu kilipo. Mwaka 1949 profesa mmoja wa Uswisi, Eduard Stiefel wa chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, alisikia kwamba kuna mashine ya hesabu imefichwa mlimani. Angeweza kucheka na kupita. Badala yake alisafiri hadi kijijini, akaipa Z4 hesabu ya kuijaribu, akaona inafanya kazi. Akaikodi. Ikasafishwa, ikatengenezwa na kuongezewa sehemu, na mwaka 1950 ikaanza kazi Zürich. Iliwatumikia Waswisi hadi mwaka 1955, wakati ambapo vyuo vingi vya Ulaya havikuwa na tarakilishi hata moja. Kutokana na kodi ile, kampuni ndogo ya Zuse ikapata nguvu, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa imeunda tarakilishi 251. Leo Z4 imo katika jumba la makumbusho la Munich. Ilipona kwa sababu alitokea mtu aliyeona thamani katika chombo kilichochakaa.

Kampuni yenyewe haikudumu mikononi mwake. Madeni yalizidi, ikachukuliwa na makampuni makubwa, mwishowe Siemens. Isitoshe, mwaka huohuo wa 1967 alipata pigo jingine. Tangu 1941 alikuwa ameomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya Z3. Baada ya kungoja miaka 26, mahakama ikaamua kwamba ubunifu wake haukufikia kiwango cha kupewa haki hiyo. Mwingine angekufa kwa kinyongo.

Yeye alirudi kwenye vyuma. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 76, alianza kuiunda Z1 upya. Michoro ya awali haikuwepo. Ilibidi aichore tena kutoka kichwani mwake, kibati kwa kibati, baada ya nusu karne. Katikati ya kazi akashikwa na maradhi ya moyo, akatibiwa, akaendelea. Mwaka 1989, mwaka uleule ukuta ulioigawa Berlin ulipovunjwa, Z1 ilikamilika, na mpaka leo imo katika jumba la makumbusho la ufundi mjini humo. Na unajua nini? Ilikwamakwama vilevile kama ile ya 1938! Zuse alifariki tarehe 18 Desemba 1995 katika mji wa Hünfeld, akiwa na umri wa miaka 85. Mwanawe, Horst, aliiga mfano wake, akaunda Z3 nyingine iliyoonyeshwa mwaka 2010, miaka 100 tangu baba yake azaliwe.

Sasa turudi Eastlands. Mzee yule alihitaji miaka mitatu na afya yake kurudisha kitu ambacho, kama kingehifadhiwa, kingekuwepo tu. Mashine ikichomwa, elimu iliyomo ndani yake huenda nayo. Simu mpya huwezi kuifungua ukaelewa kitu. Kila kitu kimebanwa mahali pamoja. Lakini tarakilishi ya zamani hufunguka kama sanduku. Unaiona kumbukumbu, unaing'oa, unasugua miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, unairudisha, na mashine iliyokuwa imekufa inalia mlio mmoja na kuwaka. Unaziona kapasita zilizovimba vichwa, unazitoa na kulehemu nyingine. Betri ndogo ya ndani ikiisha nguvu, saa husahau mwaka, na mara nyingi hurudi 1980. Hapo ndipo mtu hujifunza tarakilishi ni kitu gani hasa, na somo lenyewe hugharimu bei ya chuma kwa kilo.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari. Zile skrini za mgongo hubakiza umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa, kwa hivyo asiyefunzwa asizifungue. Betri inayovuja isishikwe kwa mkono mtupu. Na nyaya zisichomwe kamwe, kwani moshi wake ni sumu, na wanaouvuta ni sisi na wadogo zetu. Kifaa kilichoshindikana kabisa kuna mahali pa kukipeleka. Kule Utawala kipo kituo kinachopokea taka za vifaa vya umeme.

Ombi langu kwa walimu na kwa chama chetu ni dogo. Tutengewe meza moja tu shuleni. Kila mwanafunzi aliye na mashine kuukuu nyumbani ailete kabla mzazi hajaiuza kwa kilo, tuitengeneze, na tuandike kando yake, kwa Kiswahili, ilikuwa ya mwaka gani na inafanyaje kazi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na mwenye diski laini kwao nyumbani, tafadhali anitafute.