Timoshenko: Mkimbizi aliyewafundisha mekanika Wamarekani

Mwulize mhandisi yeyote wa majengo au wa mitambo ni somo gani lililomtoa jasho mwaka wa kwanza wa chuo. Aghalabu atakutajia mekanika. Hilo ndilo somo la kani: kitu kinavyotulia kikiwa kimebebeshwa mzigo, na kinavyokwenda kikisukumwa. Wengi hufeli hapo. Wengine hubadili fani kabisa na kwenda kusoma biashara. Na wanaofaulu si ajabu wakawa wamefaulu kwa kukariri, jambo ambalo, kama tutakavyoona, ni hatari kuliko kufeli.

Mtu aliyetumia karibu umri wake wote kulishughulikia tatizo hilo alikuwa Stephen Timoshenko. Nje ya vyuo vya uhandisi jina lake halijulikani sana, lakini ndani ya vyuo hivyo ni vigumu kumkwepa, kwani vitabu vyake vilitafsiriwa kwa lugha nyingi na vimesomwa karibu kila pembe ya dunia. Waama, sifa yake si ugunduzi tu. Kagundua, tena mengi. Ila hasa alikuwa mwalimu.

Alizaliwa Desemba 1878 katika kijiji cha Shpotovka, Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Dola ya Urusi. Baba yake alizaliwa katika hali ya utumwa wa ardhi, ule utaratibu uliowafanya wakulima wa Urusi kuwa mali ya mabwana zao hadi ulipofutwa mwaka 1861. Mzee huyo akapata elimu na kuwa mpima ardhi, na mtoto wake akapelekwa shule katika mji wa Romny. Darasa moja naye alikaa Abram Ioffe, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Kisovieti. Kwa mji mdogo kama ule, si haba.

Kutoka Romny alikwenda St. Petersburg, katika chuo kilichowaandaa wahandisi wa reli na barabara, akahitimu mwaka 1901. Huko alikutana na aina mbili za walimu. Wapo waliosimama ubaoni wakaandika kanuni, mwanafunzi akanakili, mtihani ukaja, kanuni zikarudishwa kwenye karatasi kama zilivyo. Na wapo kama Viktor Kirpichev, aliyemtaka mwanafunzi kwanza akitazame kitu chenyewe: boriti, mnyororo, gurudumu. Baadaye Timoshenko alifundisha chini ya Kirpichev. Baada ya hapo akaenda Ujerumani, akakaa Göttingen chini ya Ludwig Prandtl, mahali ambapo hisabati na uhandisi vilikuwa vimekaribishwa meza moja.

Ndugu msomaji, tuliangalie somo lenyewe kidogo, maana bila hivyo hatutaelewa mzee huyu alikuwa akipigania nini. Chukua ngazi iliyoegemezwa ukutani, fundi rangi akiwa amepanda. Uzito wake na wa ngazi unavuta chini. Sakafu inasukuma juu. Ukuta unaisukuma ngazi nje, na msuguano wa sakafu unaizuia miguu ya ngazi isiteleze. Mwanafunzi anatakiwa aichore ngazi peke yake, akiwa ameiondoa sakafu na ukuta, na mahali pa kila kilichoondolewa aweke mshale wa kani yake. Kisha anaandika mambo matatu tu: kani za kwenda juu zilingane na za kushuka, za kulia zilingane na za kushoto, na nguvu ya kuizungusha ngazi upande mmoja ilingane na ya kuizungusha upande wa pili. Basi. Kutoka hapo ataona mwenyewe kwamba kadiri fundi anavyopanda ndivyo ukuta unavyosukuma zaidi, ndivyo msuguano unaohitajika unavyokuwa mkubwa, na kwa nini ngazi iliyotulia fundi akiwa chini inaweza kuponyoka akifika juu.

Sasa mwanafunzi aliyezoea kukariri hachori. Anauliza: fomula ya ngazi ni ipi? Ukimpa fomula ya ngazi atakokotoa vizuri kabisa, na kesho ukimpa kreni au paa la ghala atauliza tena fomula yake. Huyu akipewa cheti anakuwa mhandisi kwa jina.

Timoshenko alipata ukufunzi mkuu katika Chuo cha Ufundi cha Kyiv akiwa bado hajafika miaka 30. Ilikuwa zama ambazo madaraja ya chuma yalijengwa marefu kuliko yote ya kabla, na hesabu zilikuwa zikiachwa nyuma na tamaa ya urefu. Agosti 29, 1907, daraja la Quebec nchini Kanada liliporomoka likiwa katikati ya ujenzi na kuua wafanyakazi 75. Urefu wa kati ya nguzo zake ulikuwa umeongezwa hadi kufikia kama mita 549, lakini uzito wa daraja haukukokotolewa upya ipasavyo. Kabla ya siku ile mafundi walikwishaona vyuma vya chini, vilivyokuwa vikibanwa na mzigo, vimeanza kupinda. Taarifa zikawa zinakwenda na kurudi huku kazi ikiendelea.

Kupinda huko kwa chuma kinachobanwa kulikuwa ndilo eneo la utafiti wa Timoshenko. Chukua fito nyembamba, isimamishe, ikandamize kwa kiganja. Haivunjiki, inabetuka ubavuni ghafla. Leonhard Euler wa Uswisi alikuwa ameonesha tangu 1744 kwamba nguzo nyembamba ikiongezwa urefu mara mbili, mzigo inaoweza kuubeba kabla ya kubetuka unabaki robo. Robo, si nusu. Tatizo ni kwamba vyuma vya madaraja na mabati ya meli si fito moja iliyonyooka, na hesabu zake zilikuwa ngumu mno. Timoshenko akabuni njia ya kukadiria kwa kutumia nishati, ambayo mhandisi wa kawaida angeweza kuifuata. Kazi hiyo ikampatia tuzo ya Zhuravsky mwaka 1911.

Tuzo ilifika wakati mwafaka, kwani mwaka huohuo alifukuzwa kazi. Serikali ya mfalme iliweka kikomo cha wanafunzi wa Kiyahudi katika vyuo, na wizara ya elimu chini ya waziri Kasso ikawa inaviandama vyuo kwa mambo hayo na mengineyo. Timoshenko, akiwa mkuu wa kitivo, alitia saini waraka wa kuipinga wizara. Akatolewa yeye na wenziwe. Hakuwa Myahudi, wala hakuwa mwanasiasa. Alikuwa na mke, watoto, na cheo alichokipata mapema kuliko wengi wa rika lake. Tuzo ile ndiyo iliyomsaidia kuendesha nyumba hadi alipopata tena vipindi vya kufundisha St. Petersburg, huku akilishauri jeshi la majini kuhusu uimara wa meli za kivita.

Yakaja mapinduzi ya 1917, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1918 alikuwa Kyiv, miongoni mwa wanachama waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Ukraine, ambako aliunda taasisi ya mekanika. Mji ulikuwa unachukuliwa na jeshi hili leo, jeshi lile kesho. Akatoka. Akapita Rostov, Novorossiysk na Crimea, akavuka hadi Istanbul pamoja na wimbi la wakimbizi wa wakati ule, na mwisho akaangukia Zagreb katika Yugoslavia. Mwaka 1920 alirudi Kyiv katika kipindi kifupi ambacho Wabolsheviki walikuwa wameondolewa, akaichukua familia yake, wakaondoka wote.

Huko Zagreb alipewa ukufunzi lakini hakujua Kikroati. Akawa anafundisha kwa Kirusi, akichomeka kila neno la Kikroati alilolidaka. Wanafunzi walimwelewa. Nadhani jambo hili linasema mengi kuliko tuzo zake: mchoro ubaoni ukiwa sahihi na hatua zikafuatana, lugha iliyovunjika haimzuii mwanafunzi. Na kinyume chake ni kweli pia. Sote tumekwisha kukaa mbele ya mwalimu mwenye lugha fasaha tukatoka patupu.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 43, alihamia Marekani, kwanza Philadelphia kwenye kampuni ndogo iliyoshughulika na mitetemo ya mashine, na mwaka uliofuata katika kampuni ya Westinghouse, Pittsburgh. Hapo ndipo alipopigwa na mshangao. Nchi yenye viwanda vikubwa kuliko zote, wahandisi wake vijana wengi walikuwa hawana hisabati ya kutosha wala mekanika ya kutosha. Wakipata tatizo walifungua kitabu cha fomula, wakatafuta iliyofanana, wakapachika tarakimu. Isipopatikana iliyofanana, kazi ilikwama au ilibahatishwa. Akaanzisha mihadhara kwa wahandisi vijana wa hapo kiwandani. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Mholanzi J. P. Den Hartog, ambaye baadaye naye akawa mwalimu mashuhuri wa mitetemo.

Hapa inafaa tumdai haki kidogo. Timoshenko katika kumbukumbu zake ni mkali kwa Wamarekani, pengine kupita kiasi. Daraja la Brooklyn lilimalizwa 1883 na Wamarekani haohao, na bado limesimama. Uzoefu wa fundi si kitu cha kudharauliwa. Lakini hoja yake haikuwa kwamba uzoefu haufai. Uzoefu unatosha pale tu kitu kipya kinapofanana na cha zamani. Mashine ikiongezwa kasi, jengo likiongezwa ghorofa, uzoefu wa jana hauna la kusema.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna haja ya kwenda Quebec kulijua hilo. Ijumaa ya Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, ubavuni mwa msikiti, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jengo jingine Kariakoo, watu wakiwa madukani. Ajali hizi huwa na sababu nyingi, na mara nyingine hesabu huwa ni sahihi na ubaya upo kwenye nondo na saruji. Lakini mtu wa kusimama juu ya zege na kumwambia tajiri hapana, ghorofa hii haiwezi, lazima awe ameijua sababu yake. Aliyekariri atanyamaza, kwa kuwa hana cha kujitetea nacho.

Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Michigan kilimchukua, na mwaka 1936 akahamia Stanford, California. Michigan alianzisha masomo ya juu ya mekanika pamoja na vikao vya majira ya joto vilivyowakutanisha walimu wa mekanika kutoka vyuo mbalimbali. Hata Prandtl, mwalimu wake wa Göttingen, alialikwa. Hiyo ilikuwa akili kubwa. Ukimfundisha mwanafunzi mmoja umepata mhandisi mmoja, lakini mwalimu mmoja akibadilika yanabadilika madarasa ya miaka 30.

Kisha vitabu, ambavyo ndivyo vilivyomfikisha asikofika mwenyewe. Mwaka 1928 cha mitetemo, 1930 cha uimara wa vifaa, 1934 cha unyumbufu, 1936 cha kubetuka kwa nguzo na mabati, na 1937, pamoja na mwenzake Donovan Young, kitabu cha mekanika ya uhandisi kwa wanaoanza. Ukivifungua utaona utaratibu uleule. Haanzi na kanuni kuu inayotawala kila kitu. Anaanza na jambo dogo, boriti moja, mzigo mmoja, analimaliza kwa tarakimu, kisha analiongezea ugumu kidogo, na kanuni kuu inakuja mwanafunzi akiwa tayari anaihitaji. Baada ya hapo anamwagiwa maswali. Wapo wataalamu wa hisabati waliouona utaratibu huo kuwa wa kitoto. Wanafunzi hawakuuona hivyo.

Mwaka 1957 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kilianzisha nishani yenye jina lake, na yeye akawa wa kwanza kuvishwa. Mwaka huohuo Warusi walirusha Sputnik, na Wamarekani wakataharuki wakiulizana jirani huyu kawapita vipi. Mwaka 1958 mzee, akiwa na miaka 79, akarudi Urusi kutembelea vyuo, kwa mara ya kwanza tangu akimbie. Alikuta kwamba Wabolsheviki, baada ya majaribio mengi ya kuvuruga mitaala, walikuwa wamerudi kimya kimya kwenye utaratibu wa zamani: hisabati nzito miaka ya mwanzo, mekanika juu yake, ufundi mwishoni. Akaandika kitabu juu ya hayo mwaka 1959, na Wamarekani wakakisoma kwa makini kuliko ambavyo wangekisoma miaka mitatu kabla.

Miaka yake ya mwisho aliishi Wuppertal, Ujerumani, kwa binti yake, na huko akafariki Mei 29, 1972 akiwa na miaka 93. Ile taasisi ya mekanika aliyoiunda Kyiv mwaka 1918, katika mji uliomfukuza kazi kisha ukamkimbiza, mpaka leo ipo na inaitwa kwa jina lake.