Oliver Tambo na Uhuru wa Kusema: Kutoka Fort Hare hadi Morogoro

Makala haya yanaeleza maisha ya Oliver Reginald Tambo kwa kufuata swali moja: mtu aliyefukuzwa chuoni kwa kuwapinga wakubwa hufanya nini siku yeye mwenyewe anapopingwa? Sehemu kubwa ya jibu inapatikana Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Tambo alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Nkantolo, Bizana, Afrika Kusini. Alisoma katika shule za misheni, kisha Chuo cha Fort Hare, ambako alipata shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata, akisomea stashahada ya ualimu, alifukuzwa pamoja na wenzake kwa kushiriki mgomo wa wanafunzi. Hata hivyo, aliajiriwa kuwa mwalimu huko Johannesburg. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Vijana wa ANC, na mwaka 1952 alifungua ofisi ya uwakili pamoja na Nelson Mandela.

Baada ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 1960, chama kilimtuma nje ya nchi. Alipofariki Albert Luthuli mwaka 1967, Tambo alikaimu urais. Mwaka huohuo wapiganaji wa ANC waliingia Rhodesia wakashindwa, na baadhi yao, akiwemo Chris Hani, wakafungwa Botswana. Waliporudi Zambia, Hani na wenzake sita waliandika waraka mkali wakiwashutumu viongozi kwa maisha ya anasa na kwa kuusahau umma uliobaki nyumbani. Waliondolewa katika chama. Fimbo iliyomchapa Tambo huko Fort Hare sasa ilikuwa mikononi mwa chama chake.

Hata hivyo, malalamiko hayo hayakuzimwa. Tambo aliitisha mkutano wa mashauriano mjini Morogoro kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, uliohudhuriwa na wajumbe zaidi ya 70. Waandishi wa waraka hawakualikwa, lakini hoja zao ziliingia ukumbini. Uongozi ulishutumiwa waziwazi. Tambo akajiuzulu mbele ya wajumbe, nao wakamrudisha. Halmashauri Kuu ilipunguzwa, na uanachama ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni. Hani na wenzake walirejeshwa baadaye.

Haifai, lakini, kumgeuza Tambo kuwa malaika. Mkutano wa namna hiyo haukuitishwa tena hadi mwaka 1985, huko Kabwe, Zambia. Katika kipindi hicho, wapiganaji walioasi katika kambi za Angola mwaka 1984 walidai, pamoja na mambo mengine, kuitishwa kwa mkutano. Wengi wao walifungwa na wengine kuteswa, jambo lililothibitishwa na tume za uchunguzi za miaka ya 1990. Rais wa chama alikuwa yuleyule. Kwa mtazamo wetu, tofauti kati ya Morogoro na Angola haikutokana na tabia ya mtu, bali na kuwepo au kutokuwepo kwa kikao chenye mamlaka ya kumhoji kiongozi.

Tambo alirudi Morogoro tarehe 22 Agosti 1985 kufungua rasmi Chuo cha Solomon Mahlangu huko Mazimbu, kilichojengwa na ANC kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao. Alifariki tarehe 24 Aprili 1993. Mwaka uliotangulia chuo hicho kilikuwa kimekabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Hivyo basi, mahali palipojengwa na mwanafunzi aliyefukuzwa pamekuwa chuo kikuu. Funzo lake kwa wanataaluma ni kwamba uhuru wa kusema hauwezi kuachiwa hisani ya mkuu, hata akiwa mwema. Unahitaji kikao kinachojulikana, kinachoitishwa kwa wakati wake, na ambamo anayelaumu hafukuzwi kabla ya kusikilizwa.