Kombe Lililotolewa Mvuani

Mwaka 1964 ilifunguliwa huko Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Wenyeji wa nyanda hizi kame waliwapokea vijana wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Anayetaka kujua vijana wale walikimbia nini, na ayatazame maisha ya mtu mmoja ambaye silaha yake ilikuwa fimbo ya gofu. Huyo ni marehemu Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana duniani kwa jina la Papwa.

Papwa alizaliwa Durban katika jamaa maskini yenye asili ya Kihindi. Tangu utotoni aliwabebea Wazungu mifuko ya fimbo katika viwanja ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuvichezea. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kutazama, akaishika fimbo kinyume cha desturi, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Wajuzi waliuona mshiko ule kuwa kosa, lakini mpira ulikwenda alikoutaka.

Mlango uliofungwa kwao ulifunguka ng'ambo. Mwaka 1959, kwa msaada wa mwajiri wake Graham Wulff, alikwenda Ulaya akashinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi. Alishinda tena mwaka 1960, na mara ya tatu mwaka 1964.

Katikati ya ushindi huo lilitokea jambo lililomfanya asisahaulike. Mwaka 1963 alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal, mjini Durban kwao. Siku hiyo mvua ilinyesha. Wazungu walijikinga ndani ya jengo la klabu. Bingwa, kwa kuwa si mweupe, alikabidhiwa kombe lake nje, mvuani. Picha yake ilizunguka dunia, ikawafumbua macho wengi ambao hotuba hazikuwagusa. Wakati huo dunia ilikuwa imeanza kuitenga Afrika Kusini katika michezo: mwaka 1964 ilizuiwa kushiriki Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1970 ikafukuzwa katika Olimpiki.

Mwaka 1965 Papwa alishinda tena Natal, safari hii akimwacha nyuma Gary Player, bingwa mkubwa wa Kizungu. Badala ya kumtunza, Makaburu walimfungia mashindano na kumnyima pasipoti. Alifariki mwaka 1978, fukara, kabla ya kuuona ubaguzi ukianguka.

Taifa letu nalo lililipa gharama katika vita hiyo. Mwaka 1976 tulisusia Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, akaikosa nafasi yake. Hatujutii.

Lakini kuwalaumu Makaburu ni rahisi kuliko kujihoji. Bara na Visiwani wapo watoto wanaookota mipira ya wakubwa na kuchungulia viwanja kupitia tundu za ua. Hapana sheria ya rangi inayowazuia. Huzuiwa na ada, na kiwanja kilichogeuzwa kuwa maduka. Viongozi wanaopanga miji yetu, Dodoma ikiwamo, hawana budi kukumbuka kwamba kipaji hakichagui mlango wa kuzaliwa. Tusingoje mtoto wetu ashinde ugenini ndipo tumfungulie nyumbani.