Miaka 11 ya Majaliwa Chitangali

Sisi wa maendeleo ya jamii tukipangiwa fildi, swali la kwanza ni umbali, la pili ni bumu litaingia lini. Mimi nilipangiwa Newala, wiki nane, na huko ndiko nilikoanza kumfuatilia Cecil Majaliwa. Waliosoma historia ya Kanisa wanamjua kama Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza. Kinachonivuta mimi si kanzu. Huyu bwana alifanya kazi tunayosomea sisi, ila yeye alikaa miaka 11.

Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kulelewa Unguja. Akasoma Kiungani, kisha akapelekwa chuo cha misheni Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, katika nchi ya Newala, kwa mtawala wa Kiyao aliyeitwa Nakaam. Hebu fikiria: mtoto aliyeuzwa anarudi bara akiwa msomi wa Ulaya.

Ili uelewe uzito wa kituo kile, turudi Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Nia ilikuwa njema, lakini kilikuwa kijiji cha kupandikiza. Wakazi walitoka pwani, shamba walipewa na misheni, hata kesi zao ziliamuliwa na Mzungu. Septemba 1882 Wangoni, ambao kule waliitwa Magwangwara, wakakivamia. Nyumba zikachomwa, watu wakachukuliwa mateka. Chauncy Maples, aliyekuwa akiongoza pale, akahamia Newala karibu na Matola, mtawala mwingine wa Kiyao. Safari hii misheni ilikuja kama mgeni, na mwenyeji alikuwapo.

Majaliwa naye akaingia Chitangali kwa mlango huo huo wa ugeni. Hakuwa na kijiji chake mwenyewe cha kutawala. Alikuwa na familia yake, shule, na jirani mwenye nchi ambaye bila ridhaa yake hakuna mtoto angekaa darasani. Alikaa kati ya Wayao wenzake, akifundisha na kutembelea watu, bila msimamizi wa kumchungulia kila asubuhi. Wale waliosoma mikabala ya ushirikishwaji hadi wakachoka, hapo ndipo penyewe, miaka mia moja kabla ya semina. Nakaam mwenyewe alikuja kubatizwa, akaitwa Barnaba. Na mtawala hakubali jambo kama hilo kwa sababu kaletewa hotuba nzuri. Anakuwa amekutazama kwanza, misimu na misimu, aone kama unakaa au unapita.

Mwaka 1890 akaitwa Unguja, akapewa upadri, akarudi kituoni. Sikiliza, huo ni mwaka ambao Wadachi walikuwa wanajipanga kuitawala pwani, na ndani kule shule inaendeshwa na mtu aliyewahi kuuzwa. Sisi leo tunasifia miradi inayokabidhiwa kwa wazawa baada ya miaka mitano, tena kwa sherehe na kofia.

Mwaka 1897 akaondoka Chitangali kurudi Unguja. Na hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wanaosema mtu mzuri ni mzuri popote. Unguja kulikuwa na maaskofu, mapadri wa Kizungu, ratiba na wakubwa juu ya wakubwa. Majaliwa yule yule, elimu ile ile, hakung'aa tena kama bara. Kwa maoni yangu hakuishiwa kitu. Chitangali aliaminiwa kuamua, Unguja akawa msaidizi. Hata sisi tunaona: kijana anaiendesha kata peke yake vizuri kabisa, akivutwa makao makuu anapewa kazi ya kubeba mafaili.

Alichokiacha hakikufa. Katika watu wa ukoo wa Barnaba Nakaam alitokea Yohana Abdallah, naye akawa padri, akafanya kazi Unangu, ng'ambo ya Ruvuma. Huyo aliketi akaandika historia ya Wayao kwa Kiyao chenyewe, kitabu kikachapwa mwaka 1919.